Saa ya Siku Nane

Jumatatu, 5 Machi 1979
Nachonga chuma kwa tupa asubuhi yote. Gurudumu la saa, meno sitini, jino moja moja. La arobaini na moja limeharibika. Naanza upya, mara ya tatu. Wanafunzi ni wanne, mwanamke ni mimi peke yangu. Fundi Mutwiri, mwalimu wetu, alitazama, akasema, "Tena." Basi.

Nyumbani mama mkwe alinusa vidole vyangu. Nikasema nilisugua sufuria. Wakwe zangu wanajua najifunza cherehani.

Alhamisi, 8 Machi
Adan ametaja harusi. Baada ya mvua. Ni ndugu ya marehemu mume wangu Hassan, na kwao mjane hurithiwa. Hakuna aliyeniuliza. Nilimimina chai, nikarudi jikoni. Simtaki.

Saa ninayoitengeneza ikitembea siku nane bila kusimama, Fundi ataniandikia barua ya kazi, karakana ya saa kule Nyeri. Sina mlango mwingine.

Jumamosi, 17 Machi
Saa imetembea. Fundi aliijaza ufunguo mara moja, akautia mfukoni. Hadi Jumapili ya tarehe 25 hakuna kuigusa. Nilitaka kulia. Nikafagia.

Jumanne, 20 Machi
Balaa. Adan alileta saa yake ya mkono kwa Fundi itengenezwe, akanikuta na tupa mkononi.

"Cherehani yako iko wapi?"

Niliiweka tupa mezani. Alinirudisha hadi nyumbani, mtaa wa Wabera, mbele ya watu, mimi mbele yeye nyuma, kama mbuzi wa mnadani. Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema tu, "Hutoki tena."

Alhamisi, 22 Machi
Ua, jiko, ua. Geti limefungwa, ufunguo anao Adan. Sijui kama saa bado inatembea. Naichukia nyumba hii. Najichukia pia kwa kudanganya, maana mama mkwe hajawahi kunifanyia ubaya.

Jumapili, 25 Machi
Fundi amekuja, na mkewe. Mama mkwe akawapa chai.

"Saa ya Halima imetembea siku nane," Fundi alisema. "Imechelewa dakika mbili tu, na meno ya magurudumu yamekaa sawa." Akaweka barua mezani.

Adan akasema siendi popote. Mama mkwe akauliza, "Hayo meno aliyachonga mwenyewe?"

"Yote, mama," Fundi akasema.

Aliichukua barua, akaifungia sandukuni mwake. Nilijiona nimezikwa.

Ijumaa, 30 Machi
Nimesema. Mama mkwe na Adan wakiwa wanakula. Kwamba nilidanganya, naomba msamaha. Kwamba kuolewa na Adan sitaki, mvua inyeshe isinyeshe.

Adan alimtazama mamake. Akaambiwa, "Umesikia. Fungua geti." Akafungua, akaenda kwake mtaa wa Chechelesi bila kumaliza chakula.

Nikaomba barua. Mama mkwe akasema, "Hassan aliniachia wewe tu." Basi geti liko wazi na bado siwezi kutoka. Hii ni mbaya kuliko kufuli.

Jumatatu, 2 Aprili
Nilimwambia mama mkwe nitaondoka Alhamisi, kwa barua au bila barua. Alichambua mchele mpaka ukaisha, akaenda chumbani, akaniletea ile barua.

Baadaye akauliza kama Nyeri kuna baridi. Nikasema wanasema ni kali. Akatoa koti la Hassan. Nimelijaribu, mikono ni mirefu. Tukaikunja pale uani, yeye mmoja, mimi mwingine.