Mgeni Rasmi wa Usoke

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Hatujambo, shangazi yako kajifungua binti. Umeuliza nilimpataje babu yako.

Enzi za Ujamaa tulikwenda stesheni kumpokea kiongozi kutoka mjini. Akashuka kijana mwenye suti ya kaki. Nikamvisha shada, ngoma zikalia, akasukumwa jukwaani ahutubie. Kumbe ni muuza dagaa wa Kigoma, ameshuka kunyoosha miguu!

Akababaika, kisha akasema, "Ndugu zangu, chimbeni kisima kwanza, ofisi baadaye. Kina mama wamechoka."

Tukapiga vigelegele. Kiongozi mwenyewe, aliyeshuka kutoka behewa la nyuma, alipiga makofi akiuliza, "Mheshimiwa huyu ni nani?"

Mimi moyo ulishakwenda. Kapewa nafasi ya kusema, katukumbuka sisi.

Treni ikaondoka na magunia yake ya dagaa. Tukamwambia asubiri nyingine. Mpaka leo anasubiri.

Bibi yako, Usoke