Dumu la Noah

Mama Matinde,

Maharage yako jikoni, ongeza maji. Ndama hajanyweshwa. Msinisubiri kula.

Gari yetu, Noah, imeenda. Mwalimu Sabai wa Busawe ameichukua asubuhi, tumeandikishana kwamba inauzwa kama ilivyo. Lakini kabla hajafika nilijaza rejeta, nikalitoa lile dumu la maji chini ya kiti cha nyuma, asije akauliza la nini. Matinde akaniona. Akasema kwa Kikurya, mgeni ameshafika, amesimama pale pale: "Baba, bila dumu, ikichemsha mlimani atafanyaje?" Nikamfokea mpaka akalia. Mwalimu ni Mnata, Kikurya hasikii, akauliza binti analia nini. Nikasema anaililia gari.

Akamshika kichwa, akamwambia karibu Busawe, utaipanda tena. Hakuomba hata kuijaribu. Kesho anampeleka mkewe hospitali Mugumu na gari hiyo hiyo.

Matinde ameenda shule bila kuniaga. Sikuwa na uso wa kumwita.

Bodaboda inaningoja nje, namfuata Mwalimu. Hela naondoka nayo, akitaka kurudisha gari arudishe. Utanigombeza nikirudi, sasa hivi niache. Dumu nimelibeba. ~~Nitamwambia nililisahau.~~ Nitamwambia nililitoa.

Hapa mpe Matinde asome mwenyewe: Mwanangu, yale maneno yako ya asubuhi nakwenda kumtafsiria Mwalimu, yote.

Baba yako