Samadi ya Ivuna, Mboga za Tunduma

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwagilia tangu alfajiri mpaka mgongo ukakataa. Mchicha, chainizi, spinachi. Bila dawa, bila mbolea ya dukani. Watu wanasema tunajitesa. Waache waseme.

Kinachonichoma ni kingine. Wiki iliyopita nilikuwa Tunduma, nikauona mchicha wetu dukani, umefungwa kwenye plastiki, umeandikwa kilimo hai. Nikauliza bei. Nikashindwa. Mimi niliyeupanda. Sikazwe, dalali wetu, hununua kwetu kwa bei ya kutupa, halafu kila mkono unaopita unaongeza chake. Mboga safi imekuwa chakula cha wenye magari. Nina hasira na sitaki ipoe.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao cha kikundi chetu cha wakulima. Tumeamua kumruka Sikazwe.

Rehema, mama lishe wa kwenye maegesho ya malori, amewasemea wenzake wote: watachukua mzigo wetu kila wiki, kwa bei ya mboga za kawaida. Bei hiyo inatutosha ikiwa mboga ni nyingi na hakuna wa katikati. Kuwa nyingi kunahitaji samadi, na huku kwetu Mbozi ng'ombe si wengi. Wako Momba. Gari la chumvi linapanda kutoka Ivuna, huko huko Momba, kila wiki, nusu tupu. Dereva amekubali: atapanda na samadi, aishushe kwetu, afagie, apakie mboga mpaka Tunduma.

Usingizi hauji kwa furaha. Ujinga wa mtu mzima.

Jumamosi, 9 Agosti

Ivuna. Joto la kule si la watu wa milimani. Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma, ana mlima wa samadi kavu nyuma ya zizi. Nikaanza kupatana bei. Akaniangalia kama niliyemtukana.

"Mavi ya ng'ombe siuzi, mama. Nikiuza na hayo, jirani ataniomba nini?"

Anachotaka ni maganda ya maharage, ng'ombe wale kiangazi hiki. Maganda! Sisi tunayachoma moto kila mwaka. Gari litashuka nayo.

Viroba vya kubebea samadi tumepewa bure na watengeneza chumvi. Tumeshangilia.

Jumanne, 19 Agosti

Mboga zinaungua. Majani yamekauka kingo, mchicha umelala chini. Nilidhani ugonjwa. Kisha nikakung'uta kiroba kitupu, nikalamba kidole.

Chumvi. Imeganda kwenye mishono kama ukoko wa ugali. Samadi ilipakiwa humo, ikakaa siku kadhaa kwenye unyevu wa bondeni, tukaimwaga matutani na chumvi yake. Waliotupatia viroba hawakutuficha kitu. Hatukuuliza. Cha bure kilitufumba macho.

Nimelia. Halafu nimekula, maana njaa haisubiri.

Jumatano, 20 Agosti

Habari mbaya hazingoji gari. Sikazwe amefika kwa pikipiki na mifuko ya mbolea na chupa za dawa. Anasema tutumie sasa, tulipe kwa mboga msimu mzima. Kwake yeye tu.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, mama zangu."

Wifi yangu Tusa anataka kupokea. Wengine wakaanza kuipima mifuko kwa mikono, na hilo liliniogopesha kuliko Sikazwe. Simlaumu Tusa, ana mtoto shuleni. Lakini tukipokea, Rehema na wenzake wanarudi kwa bei za Sikazwe, na sisi tumekuwa vibarua kwenye mashamba yetu wenyewe. Nimemwambia Sikazwe achukue mifuko yake kabla sijaimwaga mferejini. Nilipandisha sauti. Sijutii.

Wifi hajanisemesha jioni nzima.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimempigia Rehema simu, nimemweleza yote, hata la kulamba kiroba. Nilitegemea avunje makubaliano. Amecheka kwanza. Kisha akasema tulete kitakachopona, bei ni ile ile, na kwa sasa wateja watakula maharage. Wenzake wawili wamenung'unika. Amewaambia mboga za Sikazwe zilikuwepo jana na zitakuwepo kesho, za kwetu zikifa ndiyo basi.

Yule mwanamke hajawahi kukanyaga shamba langu.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya ibada tumefungua mfereji. Maji yaingie matutani, yashuke, yaingie tena, mpaka chumvi iondoke. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Watu wa kanisani wamesimama barabarani kututazama, na viatu vyao vya Jumapili.

Mchicha tumeng'oa wote. Chainizi karibu yote. Spinachi imegoma kufa. Ina ukaidi, naipenda.

Mchana wifi akaja na jembe. Akashika tuta la pembeni yangu.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumepakia. Mzigo mdogo, spinachi tupu, lakini majani mapana. Masanja amepiga simu: wakeze wameosha viroba mara mbili, na ng'ombe wanadai maganda zaidi.

Njiani tulimkuta Sikazwe pale Mlowo, amekaa juu ya pikipiki. Nikampungia mkono kutoka kwenye gari la chumvi. Wifi naye akampungia.

Jumapili, 7 Septemba

Tunduma. Nimelala kwa Rehema, nikamsaidia kuchambua mboga. Mchana malori yalikuwa yamesimama, foleni haisogei, madereva wakajaa kwenye mabenchi. Mmoja wa Zambia aliomba mboga mara ya pili. "Natotela, mayo," akamshukuru Rehema, akaendelea kula. Kijana anayeosha malori alikaa karibu naye, na sahani yake ya mboga zile zile.

Watu walipopungua, nami nikakaa. Ugali, maharage, spinachi ya kwetu. Rehema alikataa pesa yangu. Nikamwekea mezani, nikamwambia apokee.

Nimelipa kama wote. Nimeweza.