Mashimo ya Junda

Jumanne, 2 Machi 1948

Mahamri yamechelewa tena. Nimeamka, Mama hayupo. Jembe halipo. Amekwenda Junda, kama jana na juzi, tangu ule mchezo wa redio.

Ilaaniwe redio ile ya mkahawani. Mtaa mzima wa Kisauni ulisimama nje kusikiliza kifo cha kaka yangu Athumani kikifanywa mchezo. Aliyemuua alinyongwa mwaka jana bila kusema maiti aliitupa wapi. Redioni muuaji kasema, "Nilimfukia Junda, kando ya mikoko." Mama aliinuka pale pale.

Jumatano, 3 Machi

Nimemweleza hadi koo limenikauka. Yule ni mwigizaji. Hataki. Anaamini serikali iliweka sauti ya muuaji kwenye sahani ya santuri kabla ya kumnyonga. Mtu aendaye kufa, asema, hasemi uongo.

Namwonea huruma. Nimemkasirikia pia, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 5 Machi

Viganja vya Mama vimechubuka. Ana homa. Nilificha jembe, akaenda kuchimba kwa kifuu cha nazi. Mwenye ng'ombe amekuja kulalamika, ndama wake kavunjika mguu shimoni.

Atakufa katika tope lile. Sina mwingine.

Jumatatu, 8 Machi

Nimekwenda kwa watu wa redio. Aliyeutunga mchezo ni kijana mpole. Amekiri Junda aliibuni mwenyewe, mchezo ulitaka mwisho. Nusura nimzabe kofi.

Muuaji wao wa mchezoni ni fundi cherehani wa Changamwe. Nimemfuata hadi kibarazani kwake, nikamlilia mbele ya wateja. Aje aseme kwa mdomo wake. Mama hatamwamini mwingine.

Alhamisi, 11 Machi

Fundi amekuja baada ya alasiri.

"Shikamoo, Mama."

Mama alipoisikia sauti ile akashika mwimo wa mlango.

"Wallahi, Mama, mimi mshona nguo tu. Maneno yale niliandikiwa. Huko Junda hakuna kitu."

Mama akamtazama sana. "Basi mwanangu yuko wapi?"

"Sijui, Mama."

Akamkaribisha chai. Hakulia. Niliyelia ni mimi, jikoni.

Jumamosi, 13 Machi

Mama hajaenda Junda. Hajala tangu juzi. Amelala kaelekea ukutani. Nilitaka aache, ameacha. Siku za jembe alikuwa akirudi na njaa, akinigombeza kwa kuchelewesha wali. Afadhali angenigombeza.

Mchana nimechukua jembe nikafukie mashimo, ng'ombe wasiumie. Nimefukia yote ila moja, la karibu kabisa na mikoko. Nililitazama kitambo. Halafu nikashuka ndani, nikachimba mpaka adhana ya magharibi. Hakuna kitu.

Mama ameona tope miguuni mwangu. Ameinuka, akaniletea maji ya kunawa.