Tikiti Tatu za Boston

East Broadway, New York
Novemba

Dada yangu mpendwa Yuzhen,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mama mkwe wako anapata usingizi japo kidogo. Mimi sijambo, ila sauti imenikauka. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yenu iko kitandani kwa mama mkwe, na haya nataka uyasome peke yako.

Bado nauza tikiti za basi la Boston, kando ya barabara mbele ya duka la maandazi ya nyama. Mwanzoni tulibeba watu wetu tu, wapishi na waosha vyombo wanaokwenda kwenye mikahawa ya mbali bila Kiingereza cha kuulizia njia. Sasa nauli ni dola kumi, na wanafunzi wa Kizungu wanapanga foleni pamoja nao. Kampuni nyingine imefunguliwa ng'ambo ya barabara. Muuzaji wao, Bibi Ou, huwatangazia abiria wangu kwamba basi letu husukumwa kila penye mlima. Mimi humjibu kwamba la kwao halijawahi kuufikia huo mlima. Mchana tunakula tambi pamoja.

Jumanne iliyopita, basi likiwa karibu kuondoka, mtu alininyooshea noti akaomba tikiti tatu kwa lafudhi ya kijijini kwetu. Nikainua macho. Alikuwa Guohui, mumeo.

Dada, kaa chini kwanza. Hakufa. Amenenepa. Alikuwa na mwanamke, na binti mdogo anayemwita baba.

Nilimvuta pembeni. Akasema, "Shemeji, nakuomba, sema hujaniona. Mama akijua atakufa." Nikamuuliza kama anajua ni nani anayemwogesha huyo mama tangu alipopooza. Akajibu kwamba alidhani umeshaolewa. Nikamwambia, "Angeolewaje mkeo, nawe hukumwacha wala hujatuma hata neno miaka saba?" Akainama. Mwanamke alipouliza mimi ni nani, alimwambia ni mtu wa kwao tu.

Dereva akapiga honi, nao wakapanda. Nilitaka kumshusha kwa kola ya shati, lakini mtoto alikuwa ameshakaa dirishani, ananipungia mkono, nikashindwa. Nilichoweza ni kumwambia pale mlangoni kwamba nitakuandikia. Hakubisha. Aliomba tu nisiseme anakoishi, nami sijui.

Mama mkwe umwambie au usimwambie, wewe ndiye unayemjua. Lakini uliniandikia kwamba Mwalimu Weng bado anakuja kuwazibia paa, nawe humpa chai mlangoni, asiingie, majirani wasije wakapata la kusema. Dada, mkaribishe ndani.

Nisalimie wazazi wetu, uwaambie nakula vizuri na koti la baridi ninalo. Nakukumbuka kila siku.

Ni mimi mdogo wako,
Sulan