Kabureta Mbili kwenye Kombi Yako

Baba, shikamoo.

Najua hutaitikia, ila nikianza bila salamu utanuna huko uliko, nakujua.

Nimebadilisha kabureta. Usifoke, nisikilize kwanza. Ile yako ilishakwisha, shafti yake inacheza, inavuta hewa pembeni, na injini inayopozwa na upepo tu haivumilii hilo. Juzi ilichemka nikiwapeleka wageni Mtae, tukakaa barabarani mpaka ikapoa. Fundi wa Korogwe akaniambia nichague: nitafute moja kama ileile, au nifunge mbili mpya, kila upande wa injini na yake, ipande mlima bila kulalamika. Kwa gari, jibu lilikuwa rahisi. Tatizo lilikuwa Mama.

Anakaa eda, Baba, hatoki. Ya barabarani anayajua kwa sauti tu. Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka kwenye joto la Mombo, ukifika kona ya chini ya nyumba unasimama na bisibisi, unakaza skrubu kidogo? "Huku juu hewa nyepesi, tusiinyweshe mafuta bure." Injini inakohoa, inasita, halafu inatulia. Mama akisikia hivyo anainjika maji yako ya kuoga. Sasa na mimi ilinibidi nisimame palepale, nikaze vilevile. Basi kila jioni nikiingia nakuta ndoo yako bafuni inatoa mvuke, taulo lako liko juu ya mlango. Nilikuwa nayaoga mimi yale maji, wallahi.

Shangazi alinionya nisiguse gari mpaka eda iishe, nitamuua wifi yake kwa mshtuko. Mimi niliona ni yale maji yanayommaliza.

Nikafunga mbili. Nimezisawazisha kwa kuisikiliza kila moja kwa kipande cha mpira sikioni, kama ulivyonifundisha, mpaka zote zikavuma sawa. Jana nikapanda kutoka Mombo, nikapita kona bila kusimama, sikuhitaji tena bisibisi. Bafuni pakavu. Mama kakaa kitandani, macho mlangoni.

"Gari la nani hilo?"

Nikamwambia, langu, Mama. Akaniangalia weee, halafu akalia. Tangu tukuzike hakuwa amelia, Baba. Alilia mpaka majirani wakaja, na leo asubuhi amemaliza uji wake wote.

Sasa mimi ndiye sijui nifanyeje. Leo kwenye kona ileile, vioo nimefunga, injini inavuma vizuri, nimesikia nyuma yangu barabarani ile sauti yako ya zamani ikikohoa. Ikasita. Nikasubiri itulie, haikutulia. Sikugeuka. Nilikanyaga mafuta, nikalia mpaka nyumbani.

Pumzika, Baba, Mungu akulaze pema. Mama nitamtunza, nakuahidi, na kesho nitapita tena pale bila kusimama. Kama utakuwepo barabarani, tafadhali usinipungie mkono, maana nitasimama.

Zaina wako