Tazama Mlima Kwanza

Mama, uliyekaa kiti cha mbele, Baba Mdogo, unayeshika sasa nafasi ya kaka yako, Mchungaji wetu, majirani, wadogo zangu na watoto wetu: nawasalimu kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake. Mliniomba niseme neno hapa kihambani, kwenye shamba letu la migomba, kando ya kaburi, kabla hatujaingia ndani kula. Nimeandika barua. Si yenu, ingawa mtaisikia, na mwishoni ina jambo linalowahusu. Ni ya Baba.

Baba,

Shikamoo. Tumerudi wote, kama ulivyozoea kutuona kila Desemba. Migomba imeanza kuinamia kaburi lako, na Mama bado anapika mtori mzito wa ndizi, kijiko kinasimama chenyewe. Nilipofika getini simu yangu ikalia, nikaona imeshika ruta yako. KARIBU NYUMBANI: ndilo jina uliloupa mtandao wako, nalo hutufikia kabla mbwa hajabweka. Nilisimama pale na mizigo mikononi.

Baada ya kukuzika tulikubaliana kwamba Mama asiishi huku Machame peke yake bila kuonekana. Simu bondeni hushika kwa kubahatisha, na macho yake yamechoka. Kwa hiyo Anande alimnunulia kompyuta mpya yenye kioo kikubwa, ili kila jioni tumwone naye atuone. Isipowezekana, ahamie Dar kwa mdogo wetu Goodluck. Mama aliitikia kwa kichwa tu, kisha akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, ingawa zizi lilikuwa limejaa majani.

Kompyuta iliuona mtandao wako, ikaomba nenosiri. Hakuna aliyelijua, kwa maana hukuwahi kumpa mtu. Mgeni alisalimu, akakaa, akala. Akiulizia mtandao kabla ya hapo, ulijifanya husikii. Kisha ulichukua simu yake na kumwambia, "Tazama mlima kwanza," naye akageukia dirishani huku ukiandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayepanda maharage. Hata siku ambayo kilele cha Kibo kimefunikwa, tulitazama mawingu kwa utii.

Goodluck aliandika jina lake, kwa kujiamini kabisa. Likakataliwa. Anande akamcheka, akaandika lake. Nami, kwa utulivu wa mtoto wa kwanza, nikaandika langu. Baba, ulituumbua sote mchana kweupe.

Goodluck akachukua pini, akaigeukia ruta. "Dada, kitu chenyewe kimezeeka. Nikibonyeza hapa kinasahau kila kitu, kinaanza upya. Au tushuke mjini tununue kingine." Sauti ya Mama ikatoka jikoni: "Ukiking'oa hicho, ning'oe na mimi." Pini ikarudi mfukoni.

Ndipo nilipoikumbuka kompyuta yako ya mezani, ile yenye kitambaa cha kufuma juu yake, iliyounganishwa na ruta kwa waya. Iliamka kwa kukoroma. Kupitia kwake nilifungua ukurasa wa mipangilio, kwa maneno ya kufungulia ya kiwandani yaliyobandikwa chini ya ruta, nikalikuta nenosiri lako: sabasaba.

Ng'ombe! Wageni hamkumjua Sabasaba, aliyezaliwa sikukuu ya tarehe saba mwezi wa saba na kumpiga teke karibu kila mmoja wetu. Tulicheka hadi Mama akaja na mwiko mkononi. Yeye hakucheka. "Si ndiye aliyewasomesha?" alisema. Nilikuona tena alfajiri, na ndoo ya maziwa, na koti lako lililolowa umande. Ada yangu, ya Anande, ya Goodluck. Hukumchagua mtoto mmoja, Baba. Na sisi kila mmoja alikuwa ameandika jina lake.

Hata hivyo kompyuta mpya ilizidi kukataa. Ruta yako ilikuwa ikifunga mtandao kwa njia ya zamani, ambayo simu zetu huivumilia lakini kompyuta za sasa haziiamini tena. Lakini kwenye ukurasa uleule ilikuwapo njia mpya zaidi; ruta iliijua miaka yote, ila hakuna aliyewahi kuichagua. Nikaichagua, nikahifadhi. Taa zote zikazimika. Nilijikuta nimeshikana mkono na Mama, na sijui nani alimshika mwenzake. Kisha ya kijani ikawaka.

Mke wa Goodluck akatokea kwenye kioo kutoka Dar, akimenya vitunguu. Mama akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamwamuru asogee, anaziba mwanga.

Basi, Mama habanduki hapa. Goodluck mwenyewe amelisema hilo kwanza.

Limebaki lile linalowahusu mliokusanyika, nami nalitamka mbele yako, Baba, kwa idhini ya Baba Mdogo. Sabasaba amestaafu. Leo asubuhi Mama ameweka nenosiri jipya. Niliomba kumsaidia, akanijibu, "Tazama mlima." Nikatazama. Kibo ilikuwa wazi, nyeupe, na machozi yakanitoka bila ruhusa. Kwa hiyo simu zenu zote, hata yangu, zimekatika tangu asubuhi, na hakuna atakayezirudisha kwa kuulizana pembeni. Tukitoka hapa kila mmoja atamsalimu Mama, atakaa, atakula mtori wake, kisha atampa simu mkononi na kugeukia dirishani. Ndivyo itakavyokuwa kila mtakapokuja, na mje pia miezi isiyo Desemba.

Nakuahidi, Baba, sitalichungulia nenosiri hilo, wala sitaliomba kwa simu. Nitalifuata hapa kwa miguu yangu. Pumzika kihambani kwako. Taa ya kijani inawaka.

Mama, tangulia. Sisi tunakufuata.